Taipureta Nambari N230099

(Hotuba hii niliitoa kwa wahitimu wa kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Mvua ya siku ile iliwazuia wengi, na waliokosa wameomba iandikwe yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila pale nilipokohoa.)

Mama Mwenyekiti, walimu, wahitimu wetu, na nyinyi wazazi mliokaa karibu na mlango mkiangalia mawingu: hamjambo?

Mwenye kosa la mimi kusimama hapa ni Mama Mwenyekiti. Aliniambia, "Mzee, njoo uwaeleze vijana habari za nyaraka." Nikamwambia nyaraka mimi sizijui, navijua vyuma vilivyoziandika. Akasema basi njoo na vyuma. Ndiyo hii hapa mezani, Olympia, nimekuja nayo kwa bajaji, na dereva njia nzima akaniuliza kama cherehani hii bado inashona.

Nimetengeneza taipureta tangu 1978. Vijana wa leo mkisikia taipureta mnawaza makumbusho. Lakini wazazi wenu hapo nyuma wanawakumbuka wale makarani waliokaa barazani nje ya mahakama, meza moja, kiti kimoja, mwavuli, wakiwapigia watu hati za kiapo. Wale walikuwa wateja wangu. Na nilikuwa na mchezo mmoja: ukiniletea karatasi iliyopigwa na yeyote kati yao, nakwambia ni ya meza ya nani.

Nilijuaje? Tulieni, tutafika.

Leo nimekuja na habari ya taipureta moja ya Marekani. Aina yake Woodstock, imeundwa katika mji wa Woodstock, jimbo la Illinois, na kwenye mwili wake imegongwa nambari N230099. Iandikeni nambari hiyo. Watu wanaigombania mpaka leo, na mtu mkubwa alikwenda gerezani kwa sababu yake. Au ndivyo inavyosemwa.

Mtu huyo aliitwa Alger Hiss. Alisoma sheria Harvard, akawa msaidizi wa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1945 alikuwa Yalta, kwenye ujumbe wa Roosevelt alipokutana na Churchill na Stalin. Mwaka uleule akawa katibu mkuu wa mkutano wa San Francisco, ule uliozaa Umoja wa Mataifa. Mrefu, suti safi, Kiingereza cha kukatwa kwa mkasi. Mtu wa namna hiyo akipita korido, makarani wanasimama.

Upande wa pili yuko Whittaker Chambers. Mnene, meno mabovu, koti lililokunjamana, mhariri wa jarida la Time. Zamani alikuwa mkomunisti, kazi yake kupokea siri kutoka kwa watumishi wa serikali kule Washington na kuzipeleka kwa Warusi. Akaacha mwaka 1938. Tarehe 3 Agosti 1948 akasimama mbele ya kamati ya Bunge na kumtaja Hiss kuwa mmoja wa wakomunisti wa siri aliowajua serikalini.

Hiss akakana. Alipoletwa uso kwa uso na Chambers katika hoteli moja mjini New York, hakusema "simjui" wala "namjua". Alimtaka afungue kinywa! Akamkagua meno, kama mnunuzi wa punda mnadani, ndipo akasema huyu niliwahi kumjua kwa jina la George Crosley. Kijana mmoja mbunge wa California alikuwa pale akiuliza maswali. Jina lake Richard Nixon, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Kesi hii ndiyo iliyomfanya ajulikane.

Chambers akarudia madai yake redioni, mahali ambapo kinga ya Bunge haimlindi mtu. Hiss akamshtaki kwa kumchafulia jina. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Hiss alipojichimbia shimo. Mawakili wake walimtaka Chambers alete uthibitisho, wakidhani hana. Chambers akaenda Brooklyn kwa jamaa ya mkewe, kwenye bahasha aliyoificha miaka kumi, bahasha imejaa vumbi, akarudi na kurasa 65 zilizopigwa taipu. Zilikuwa nakala na mihtasari ya siri za Wizara ya Mambo ya Nje, za tangu Januari hadi Aprili mosi, 1938. Pamoja nazo vikaratasi vinne vya mwandiko wa Hiss mwenyewe.

Baadaye kidogo akatoa na filamu ndogo za nyaraka nyingine. Alizificha wapi? Ndani ya boga! Boga shambani kwake Maryland, amelikata kichwa, amelichokoa, akatia filamu, akalifunika. Magazeti yakalipenda lile boga kuliko kitu chochote. Lakini wahitimu, msidanganyike na boga. Waendesha mashtaka walitegemea zile kurasa za taipu.

Sasa nawauliza. Kurasa hazina sahihi. Hazina jina. Utasemaje zimetoka nyumbani kwa Hiss?

Njoo kwenye chuma. Kila herufi ndani ya taipureta ni kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye ncha ya mkono mwembamba. Unabonyeza, mkono unaruka, chuma kinagonga utepe, utepe unaacha wino kwenye karatasi. Mashine ikitoka kiwandani, herufi zote zimesimama kama wanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi. Baada ya mwaka mmoja, wapi! Mikono miwili imegongana mmoja umepinda, herufi inaegemea kulia. Nyingine imekatika mguu. Nyingine inagonga juu kidogo ya mstari. Na karani ana mchango wake. Kwa Kiingereza inayochoka mapema ni "e", maana ndiyo inayopigwa mno. Sisi ni "a". Hesabuni wenyewe "a" ngapi zimo kwenye "watakapowasilisha" au hata "Tanzania". Na hiyo "a" anaipiga nani? Kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo "a" za karani wa Kiswahili zinatoka hafifu upande mmoja. Ndivyo nilivyozijua meza za barazani. Kasoro moja haitoshi, mashine nyingi zina "a" mbovu. Lakini kasoro saba, nane, kumi, zote pamoja, kwenye mashine mbili tofauti? Hizo haziokotwi njiani.

FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walijua hayo. Wakafanya nini? Mtasema walitafuta taipureta. Ndiyo, waliitafuta, wakagonga milango mingi, na hawakuipata. Hawakuipata kabisa! Na hata hivyo Desemba 1948, bila kuigusa mashine, mtaalamu wao Ramos Feehan alishajua jibu. Alijuaje?

Alitafuta karatasi nyingine.

Mke wa Hiss, Priscilla, alikuwa mtu wa kuandika barua. Mwaka 1936 aliiandikia shule ya mwanawe. Mwaka 1937 alikiandikia Chuo Kikuu cha Maryland akiomba nafasi ya masomo. Barua za kawaida, za mama yeyote. Barua ambazo mkuu wa shule akishazisoma huzitupa kwenye trei na kuzisahau. Lakini kule shuleni na kule chuoni kulikuwa na karani, jina lake hatulijui, aliyezichukua akazitoboa matundu mawili, akazitia kwenye faili, akalirudisha faili kabatini. Miaka kumi na zaidi ikapita. Vita Kuu ikaja ikaisha. Faili likakaa.

Feehan akaziweka barua hizo kando ya kurasa za Chambers, akachukua herufi 10, akaonesha kasoro zilezile. Kati ya kurasa 65, kurasa 64 zimetoka kwenye mashine ileile iliyoandika barua za nyumbani kwa Hiss. Mawakili wa utetezi hawakuleta mtaalamu wa kumpinga.

Ndiyo maana nimesema "au ndivyo inavyosemwa". Taipureta haikumfunga Hiss. Walikuwa hawanayo. Kilichomfunga ni karani wa masijala aliyefanya kazi yake siku ambayo hakuna aliyekuwa anamwangalia. Nawaambia nyinyi mnaolalamika kwamba masijala ni adhabu, kwamba ukikosana na bosi unapelekwa masijala. Najua mnalalamika, nimewasikia pale nje wakati wa chai.

Tarehe 15 Desemba 1948 Hiss alihojiwa na jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe. Akaulizwa: kurasa hizi zimepigwa kwa mashine yako, unasemaje? Akajibu kwamba maisha yake yote atabaki akijiuliza Chambers aliingiaje nyumbani kwake kutumia taipureta yake. Wajumbe wakacheka. Mtu akichekwa na wanaomwamulia, amekwisha. Siku hiyohiyo alishtakiwa, na mashtaka hayakuwa ya ujasusi, kwa maana muda wa kisheria wa kumshtaki mtu kwa ujasusi ulikuwa umepita. Alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, makosa mawili.

Sasa tuifuate mashine yenyewe, maana hapa ndipo fundi anafurahi.

Woodstock ile ilikuwa ya baba mkwe wa Hiss, mzee Fansler, wakala wa bima mjini Philadelphia. Alipostaafu ikaenda kwa binti yake. Ilipochoka, familia ya Hiss ikawapa vijana wawili, watoto wa Bi. Catlett, mfanyakazi wao wa ndani. Ndugu zangu, taipureta kuukuu inasafiri kama baiskeli kuukuu. Haitupwi. Inapewa mtoto wa dada, inauzwa kwa daktari, inarudishwa, inalipia deni. Hii ikaishia kwa Ira Lockey, mtu wa kusomba mizigo mjini Washington, aliyeipata kama sehemu ya ujira wake wa kumhamisha mtu. Na aliyeifuata mpaka kwake hakuwa FBI. Ni wakili wa Hiss mwenyewe! Aprili 1949 akainunua kwa dola 15 na kuipeleka mahakamani kama ushahidi wa utetezi, akiamini itamwokoa mteja wake.

Ingemwokoaje? Kwa tarehe. Akina Hiss walisema waliigawa Desemba 1937 walipohama nyumba. Kurasa za siri ni za Januari hadi Aprili 1938. Kama mashine iliondoka Desemba, basi aliyezipiga ni mtu mwingine. Wakaitwa vijana wa Catlett. Mmoja akasema alipopewa ile mashine aliipeleka kwa fundi, duka la Woodstock karibu na makutano ya Connecticut na barabara ya K. Mwendesha mashtaka Thomas Murphy, jitu refu lenye masharubu, akamsogelea taratibu: je, nikikwambia duka lile lilifunguliwa Septemba 1938?

Kimya.

Mimi siku niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Kesi ya mtu aliyekaa meza moja na Roosevelt, na sasa inaning'inia kwenye siku fundi taipureta aliyofungua duka lake! Nikaliwaza duka langu mwenyewe. Nilifungua lini? Wateja wangu wangapi wanaweza kuapa mwezi? Simlaumu yule kijana. Miaka kumi na moja imepita, nani anakumbuka Desemba au Mei? Daftari la fundi ndilo linalokumbuka, kama fundi analo. Mimi nilianza kuandika risiti zenye tarehe baada ya kusoma habari hiyo, na mke wangu akashangaa nimepatwa na nini.

Tena akina Hiss walidai mashine ilikuwa mbovu ilipoondoka kwao. Basi afisa wa FBI akakaa nayo mbele ya mahakama akaipiga taipu, tak tak tak, na ikaandika.

Kesi ya kwanza, Julai 1949, jopo la raia 12 likagawanyika: wanane walisema ana hatia, wanne walikataa. Kesi ya pili, tarehe 21 Januari 1950, wote 12 wakasema ana hatia. Miaka mitano. Alikaa ndani miezi 44. Siku ya kuhukumiwa alimwambia jaji kwamba ipo siku itajulikana jinsi Chambers alivyofanya udanganyifu kwa taipureta.

Je, inawezekana? Mashine inaweza kudanganya?

Mafundi wenzangu hawapendi niseme, lakini ndiyo, inaweza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikosi cha siri cha Uingereza kilichokuwa New York kilitaka kuliondoa shirika la ndege la Italia nchini Brazil. Inasimuliwa kwamba walipata sampuli ya barua ya mkuu wa shirika hilo, wakairekebisha taipureta mpaka ikawa na kasoro zilezile, wakapiga barua ya uongo inayomtukana Rais Vargas kuwa mtu mfupi mnene. Barua ikamfikia Vargas. Unadhani alikwenda kupima herufi kwa lenzi? Shirika likafukuzwa.

Wakili mpya wa Hiss, Chester Lane, alishika hoja kwamba mashine inaweza kudanganya. Akaenda kwa Martin Tytell, fundi taipureta wa Fulton Street, New York. Huyo ndiye bingwa wetu sote. Alikuwa anabadilisha mashine ziandike lugha za dunia nzima. Akaambiwa: hii hapa karatasi iliyopigwa na Woodstock N230099. Mashine yenyewe hutaiona. Tengeneza nyingine inayoandika hivihivi. Ilimchukua zaidi ya mwaka, akichonga na kuchomelea herufi moja baada ya nyingine, na akaitoa. Lane akadai pia kwamba nambari N230099 haikubaliani na barua za kwanza za mzee Fansler: kwa hesabu yake, mashine ilitoka kiwandani baadaye kuliko barua zenyewe. Akaomba kesi isikilizwe upya. Mwaka 1952 Jaji Goddard akakataa. Kwamba fundi anaweza kutengeneza pacha wa mashine ni jambo moja. Kwamba Chambers alikuwa na mwaka mzima, karakana na fundi kama Tytell ni jambo lingine, na hilo halikuthibitishwa.

Hiss alikana mpaka alipokufa, Novemba 1996. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa inatoa hadharani telegramu za siri za Warusi zilizofumbuliwa, na mojawapo ya mwaka 1945 inamtaja mtu wao aliyepewa jina la ALES, aliyekuwa Yalta. Wanahistoria wengi wanasema ALES ni Hiss. Wapo wanaobisha, na wanabisha kwa vitabu vinene. Mimi naelemea kwa wengi, lakini nambari N230099 siyo iliyonishawishi. Nimeshawishika na vile vikaratasi vinne vya mwandiko wake, na zile barua za mama za shuleni.

Niwape moja ya kwetu, halafu nikae.

Miaka ya themanini, bosi wa ofisi moja, sitaitaja, alinijia dukani jioni na bahasha. Ndani yake barua ya kashfa dhidi yake, haina sahihi, imepigwa taipu. Akataka nimwambie ni ya mashine gani ofisini kwake, maana zote natengeneza mimi. Nikaitazama. "m" imekatika mguu wa kati, "a" hafifu kushoto, nukta inatoboa karatasi. Nikajua papo hapo. Nikiwa kijana, nikapenda kuonekana fundi, nikasema: ni Imperial ya chumba cha tatu.

Wiki ile dada aliyekalia Imperial ya chumba cha tatu alihamishwa, mbali sana, ana mtoto mchanga.

Mwezi uliofuata nikaitwa kutengeneza mashine hiyohiyo. Chumba kimefungwa. Nikamuuliza mlinzi ufunguo. Akanionesha kwa kidevu: nyuma ya mlango wa korido, kwenye msumari. Ofisi nzima ilikuwa inachukua ufunguo pale. Kuanzia dereva hadi mhasibu. Nilifungua, nikakaa, nikapiga mstari mmoja. "m" mguu umekatika. "a" hafifu. Nilikuwa sahihi kabisa kuhusu mashine. Kuhusu mtu nilikuwa sijui chochote, na hakuna aliyeniuliza, na sikumwambia bosi kwamba sijui.

Kwa Hiss ilikuwa hivyohivyo. Chambers alisema aliyepiga ni Priscilla, usiku, ili asubuhi nyaraka za asili zirudi wizarani. Priscilla akakana. Mashine haikuwa na la kusema. Feehan aliulizwa mashine gani, akajibu mashine gani.

Yule dada nilimtafuta baadaye. Nilimkuta ameacha kazi, anauza vitenge. Alinikaribisha chai. Sikupata ujasiri wa kumwambia mpaka kikombe cha pili, na alipokwisha kunisikia aliniuliza swali moja tu: "Mzee, ile nukta ulishaitengeneza? Ilikuwa inanitobolea stensili."

Haya. Mvua imepungua. Nimeleta lenzi, ni moja, na karatasi mbili: moja nimeipiga kwa Olympia hii asubuhi, nyingine kwa mashine ya jirani yangu. Njooni wawili wawili, msisukumane, mniambie ipi ni ipi. Anzeni na "a".